Arusi ya Msambweni Ukutani

Jumatatu, 4 Agosti

Feni ya projekta yangu ya kujiundia imegoma tena. Nimeifungua, nimeitoa vumbi, nimeirudisha. Ni ya kompyuta mbovu ambayo mwenyewe hakuirudia. Bila feni, taa inakipika kioo. Kioo ni cha tableti iliyopasuka mgongo, nimekibandua karatasi za nyuma ili mwanga upite. Lenzi nimeitoa kwenye mashine ya fotokopi iliyokufa. Wateja wanaoniletea simu nizitengeneze hapa Kombani wananiona mwendawazimu. Wacha wanione.

Mume wangu Bakari yuko Diani na gari la wageni, hulala huko hadi Ijumaa. Saumu ameshinda nami, anashona magunia ya kuzibia dirisha. Sina rafiki mwengine kama yeye.

Alhamisi, 7 Agosti

Picha imetoka! Kichwa chini, miguu juu, lakini imetoka, ukuta mzima wa chumba cha nyuma. Nimepiga ukelele, Saumu akaja mbio akidhani nimepigwa na stima. Nimekigeuza kioo, picha ikasimama. Nimesogeza lenzi upana wa kidole, ukungu ukaondoka. Tumekumbatiana. Nina miaka thelathini na sita na sijawahi kujivunia kitu hivi.

Ijumaa, 8 Agosti

Bi Rehema wa Msambweni amekuja kuchukua redio yake. Ameniachia kadi ya video, arusi ya mwanawe. Kwenye simu macho yake hayaoni kitu. Atakuja na dada zake Jumamosi ya wiki ijayo waitazame ukutani. Nimekubali kabla hajamaliza.

Saumu alipika kwenye arusi hiyo. Nilidhani atafurahi. "Mwanasiti, hiyo usiiweke. Imepigwa vibaya. Weka nyengine." Ameondoka bila kunywa chai. Sijamwelewa.

Bakari ametuma ujumbe. Wageni wamezidi, haji wiki hii.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeijaribu video ya arusi mchana, dirisha limezibwa. Wanaume wa upande wa bibi arusi wanakula pilau. Nyuma yao, mlangoni, Bakari. Siku ya arusi ile aliniambia amepeleka wageni mbugani.

Kwenye simu angekuwa doa tu. Ukutani hata kovu la kidevuni linaonekana. Mtoto wa kike, miaka mitatu hivi, anamkimbilia. "Baba!" Sauti iko wazi. Anambeba mabegani. Mwanamke mwenye leso ya manjano anampangusa Bakari jasho kwa ncha ya leso, kama mtu aliyezoea. Na Saumu yuko pale, ameshika kiatu cha mtoto, anacheka.

Nimeirudisha mara nne.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemwita Saumu, nimemwekea kipande kile. Hakuutazama ukuta.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nne sasa. Amemuoa kwa ndoa kamili. Bakari aliniapisha nisikwambie."

"Na mimi, rafiki yako?"

Amelia. Mimi sikulia. Mimba zangu mbili zilipoharibika, yeye ndiye aliyekaa nami wodini. Ya pili ni mwaka juzi tu. Alinishika mkono huku anajua.

Bakari kuoa, dini imemruhusu. Kufichwa ndiko kunakonichoma. Namchukia Saumu kuliko ninavyomchukia Bakari. Sijui kama ni haki. Ndivyo ilivyo.

Jumatano, 13 Agosti

Bakari amekuja. Saumu alimpigia simu. Anasema alinificha kwa kunihurumia, kwa vile sina mtoto. Huruma! Halafu akasema hicho kidude changu ndicho kilicholeta fitina, akakinyanyua akivunje. Nimesimama mlangoni. Nimemwambia akikiangusha hatoki humu. Amenitazama kama hanijui. Amekiweka chini, taratibu.

Nyumba hii ni ya marehemu baba yangu. Bakari ametoka na mkoba mmoja.

Jumamosi, 16 Agosti

Bi Rehema amekuja na dada zake wawili. Nimewaamkia shikamoo, nimewapa viti, nimezima taa ya chumba. Ningeweza kukikata kile kipande cha Bakari. Sikukikata. Arusi ni yake.

Bi Rehema alipomwona mwanawe na kanzu, kwa ukubwa wake halisi, alimwita jina lake kwa sauti. Wakacheka, wakapiga vigelegele. Kipande kilipofika sikuutazama ukuta. Niliwatazama wao.

Dada mdogo akauliza, "Mashallah, mtoto mzuri. Wa nani huyo?"

"Wa mume wangu," nikasema.

Bi Rehema alinishika goti, hakuliachia, na arusi ikaendelea.