Kabula Aliyefuata Mluzi

Kambini, Geita

Baba yangu Masanja,

Shikamoo. Najua Dotto ndiye anayekusomea, kwa hiyo nawe Dotto pokea salamu za pacha wako, wala usiruke maneno, hata yatakayoniaibisha. Miguu ya Mama inaendeleaje? Mtama umeota vizuri? Mimi mwili mzima, ila moyo hauna nafuu.

Baba, uliniita nije kabla macho yako hayajazima. Barua ya pili ya Dotto ilinikuta bandani, ikasema sasa huoni hata moto wa jikoni. Nililia mbele za watu bila haya. Nataka ujue nilikuwa wapi, usije ukadhani mwanao alinogewa na dhahabu ya wenyewe.

Niliwahi kukuandikia kwamba hapa kazi yangu ni usaisi, kumtunza farasi wa bwana mkubwa wa machimbo. Ni farasi jike, mtu mzima, ambaye tangu ujana kazi yake ilikuwa kula na kuzaa. Hakuwahi kupandwa na mtu. Alishushwa kwenye lori siku ya mvua, basi nikamwita Kabula, kama binti zetu wanaozaliwa mvua ikinyesha. Alikuwa mnene, Baba! Nyama zilijaa huku na huku mpaka mgongo ukafanya mfereji, maji ya mvua yakatulia humo. Mkanda wa tandiko ulipozungushwa tumboni ulipungua shubiri nzima. Kwetu tungemsifu kwa ngoma, lakini bwana alitikisa kichwa. Tangu vita vianze petroli inatolewa kwa kipimo, naye alitaka mnyama wa kumfikisha kwenye shimo jipya, ng'ambo ya pori.

"Wewe fundisha yeye," akaniambia. "Siku yeye peleka mimi shimo mpya, wewe pata likizo, kwenda ona baba."

Farasi sikuwajua. Niliwajua maksai, na niliwajua kwako. Kwanza nikampunguzia pumba, nikawa namtembeza kila asubuhi kuzunguka kambi. Alikuwa akinitazama kama mama mkwe aliyenyimwa kiti. Mzee Salehe, mpishi wa bwana, Mnyamwezi wa Tabora, alicheka sana: "Kulwa, unamkondesha mnyama wa watu kisha uuite ufundi?" Mkanda ulipoweza kumzunguka tumbo, nikamwekea mgongoni gunia tupu, kisha gunia la mchanga kidogo, halafu nikaongeza. Nikaja kumlalia kwa tumbo, mpaka siku moja nikaketi. Alitetemeka ngozi yote, akashusha pumzi ndefu, akasimama. Nikamshukuru, "Wabeja, Kabula," kama ulivyokuwa ukituambia sisi tukinyoosha mtaro.

Lakini kosa nilikuwa nimeshalifanya. Nilimfundisha kama ng'ombe wa plau, mtu akitangulia mbele. Nilitangulia nikipiga ule mluzi wako wa shambani, naye akajifunza kunifuata mimi. Bwana alipompanda akampiga visigino, Kabula akasimama kama kisiki. Nilipotangulia na kupiga mluzi, akaja. Bwana akasema basi, hata hivyo itafaa, mimi nitangulie.

Baba, lile pori lina mbung'o. Hapa kambini miti imefyekwa, hawafiki. Kule wamejaa. Tangu nikiwa mdogo ulinifundisha kwamba mifugo hupitishwa huko gizani, wadudu wakiwa wamelala. Nikamwambia bwana tuondoke kabla ya alfajiri. Akasema atakunywa chai kwanza. Nikamwambia, "Bwana, mbung'o wataua farasi." Akaagiza apakwe mafuta ya taa miguuni, yatatosha. Ningeweza kukataa. Bila mimi Kabula asingetoka hatua moja, na hilo nililijua kuliko mtu yeyote. Lakini barua yako ilikuwa mfukoni.

Tuliingia porini saa tatu, jua limewaka. Walimjia shingoni na tumboni. Alikuwa akipiga mkia, akitikisa ngozi, lakini akanifuata. Wakati wa kurudi alifika ukingoni mwa pori akasita. Akanitazama. Nikapiga mluzi, akaja.

Jioni ile nilipewa karatasi yangu ya likizo. Nilifunga mzigo, nikasema nitamwangalia siku mbili tatu, nione. Siku hizo zikazaa wiki. Homa ikaja, ikaondoka, ikarudi. Akaanza kukonda, na bwana alipopita bandani akafurahi: "Sasa yeye mzuri, Kulwa! Tumbo kwisha!" Unene niliopigana nao miezi mitano, mbung'o waliumaliza kwa wiki tano. Miguu ikavimba, ufizi ukawa mweupe. Kila nilipobeba mzigo wangu kuja kwako, alinyanyua kichwa akajaribu kunifuata, anayumba nyuma kama mlevi. Mzee Salehe akaniambia, "Nenda kwa baba yako, mwanangu. Huyu ni mnyama tu." Sikuweza. Mimi ndiye niliyemtoa mahali salama, ningemwachaje afe akinitafuta?

Alikufa juzi mchana, kichwa mapajani mwangu. Mkanda wa tandiko sasa ungemzunguka mara mbili.

Kwa hiyo Baba, nilimpeleka Kabula kwa mbung'o ili niwahi macho yako, kisha nikayakosa macho yako kwa ajili yake. Sina la kujitetea. Nisamehe ukiweza.

Mama mwambie asiniandalie kitu, ugali utatosha. Msalimie shangazi aliyenilea nikiwa mgonjwa, na shemeji yangu, mke wa Dotto, na mwambie mtoto wao nitambeba mgongoni mpaka achoke. Dotto, yule ndama mliyesema mmenitunzia nije nimfundishe plau, mfundishe wewe. Mimi sitaki tena mnyama wa kunifuata.

Karatasi ya likizo ningali nayo, naondoka kesho kwa lori la Shinyanga, na kutoka hapo hadi Didia nitatembea. Dotto ameandika kwamba siku hizi unawatambua watu kwa sauti, na kwamba unautegea sikio mluzi wangu njiani. Usiungoje, Baba. Nimejaribu, mdomo unakataa. Ukisikia mtu amesimama mlangoni kimya, hasemi neno, nyoosha mkono tu. Ni mimi.

Mwanao,
Kulwa