Bolti Kumi Chini ya Gari la Darlene

Jumatatu, 12 Agosti 2019

Naliomba radhi daftari hili. Wiki tisa bila neno hata moja, na mimi ndiye niliyewakemea wanafunzi wa Kilatini kwa miaka thelathini na minne juu ya uvivu wa kalamu! Sina udhuru. Nyanya zilitaka maji, na mke wangu, Darlene, alitaka kupelekwa kwa daktari wa macho.

Daktari amesema leseni yake ya udereva haitahuishwa tena. Inaisha tarehe 9 Oktoba. Mchana, mbele yake, bado anaona vizuri. Pembeni ndiko kunakofifia. Darlene hakulia. Aliuliza jambo moja tu: je, Septemba bado anaruhusiwa?

Septemba 14 ni siku ya magari ya zamani katika uwanja wa mbio wa kaunti. Robo maili, njia iliyonyooka, magari mawili mawili. Anataka kulikimbiza gari lake la Chevelle kwa mara ya mwisho, na anataka kushuka chini ya sekunde kumi na tatu. Mwaka 1972 alipata kumi na tatu nukta moja. Nukta hiyo imemkera miaka arobaini na saba.

Leo kanipa kadi ya maonyesho niisahihishe, ile inayowekwa nyuma ya kioo watu wasome gari lina nini. Nikarekebisha koma mbili. Kisha nikafika hapa: "Difu: bolti kumi na mbili, ya kiwandani." Difu ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Nikamwuliza ni nani aliyezihesabu bolti hizo.

"Lee, kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Sentensi hiyo niliikata kwa wino mwekundu maisha yangu yote.

Jumanne, 13 Agosti

Nimezihesabu. Mzee wa miaka sabini na minne, chali juu ya katoni, tochi mkononi. Kifuniko cha difu kiko katikati ya magurudumu ya nyuma, kama sufuria iliyolazwa ubavu. Bolti kumi. Nikaanza upya kutoka upande wa pili. Kumi!

Sijamwambia. Ameoka pai ya pichi.

Jumatano, 14 Agosti

Nimemwambia.

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Akasema mtu wa Kilatini huhesabu kwa herufi, ndiyo maana amepotea. Akashuka mwenyewe, na magoti yake yale, akapapasa bolti moja moja kwa vidole, akihesabu kwa sauti. Alipofika kumi, kidole kilikuwa kimerudi kwenye ya kwanza. Kisha akaanza tena na moja.

Injini kubwa kama ile haikutoka kiwandani na difu ya bolti kumi. Ndivyo asemavyo, na ndivyo isemavyo karatasi ya kiwanda aliyoihifadhi tangu aliponunua gari jipya. Kwa hiyo kuna mtu aliyebadilisha. Nani? Lini? Na kwa nini asiseme?

Lazima nikiri: sijapata swali tamu hivi tangu nistaafu.

Jumamosi, 17 Agosti

Duane Stuckey, fundi wa ng'ambo ya barabara, amenifundisha kusoma chuma. Unasugua matope kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka maandishi yajitokeze. Kwanza herufi ya mwezi, kisha tarehe, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Lugha isiyo na kitenzi — lakini ina kanuni, na kanuni naiheshimu.

Nilisugua asubuhi nzima. C 9 0.

C ni herufi ya tatu: Machi. Tarehe tisa. Mwaka unaoishia na sifuri. Si 1960, umbo hili halikuwepo. Si 1980, lilikuwa limekwisha kuachwa. Basi ni 1970. Na Chevelle ilitoka kiwandani Novemba 1968! Gari limeizidi difu yake umri kwa mwaka na ushei.

Nikamwonyesha Duane. Hakushangaa. Hapo ndipo niliposhtuka mimi.

"Difu hii umeibadilishia oili tangu lini?"

"Tangu sabini na moja, Mwalimu."

"Na uliona bolti ngapi?"

Akafuta mikono. Akaifuta tena, ingawa ilikuwa safi. "Mwalimu, kama mwenyewe hajauliza, mimi nimwambie kwa kazi gani?"

Jumapili, 18 Agosti

Duane alikuja baada ya kanisa, kofia mkononi, akakataa chai ya barafu mpaka aseme kwanza.

Kiangazi cha 1970 Darlene alikuwa Cleveland wiki sita kwa mafunzo ya uuguzi. Funguo alimwachia mdogo wake wa kiume, Rollie, aliyemlea mwenyewe, awe anawasha injini kila Jumapili. Rollie hakuishia kuwasha. Alilipeleka gari uwanjani, akaachia klachi kwa pupa, meno ya difu yakasagika yote. Alichoweza kupata kwenye yadi ya magari mabovu ni difu ndogo, ya bolti kumi. Yeye na Duane waliifunga kwa siku mbili, kisha Rollie akamwapisha Duane. Mwaka 1974 Rollie akafariki, ana miaka ishirini na mitatu. Kiapo kikabaki kwa Duane.

Darlene alisikiliza bila kupepesa macho.

"Mshenzi mdogo yule," akasema hatimaye. Kisha akacheka mpaka miwani ikamwanguka. "Yaani sabini na mbili niliwagaragaza wanaume wote wale na difu ya gari la kwendea sokoni!"

"Ndiyo, dada. Na kila ulipoachia klachi mimi nilifumba macho."

Jumatano, 21 Agosti

Kwa nini haikuvunjika? Nimemwuliza Duane, naye akanijibu kwa kuipiga tairi teke. Tairi za zamani ziliteleza. Nguvu iliishia kwenye moshi na lami, difu ikapona. Lakini mwezi Juni Darlene alinunua tairi pana, laini, zinazong'ang'ania lami kama ulimi ulionata kwenye chuma kilichoganda barafu. Nguvu ambayo tairi haitaiachia, difu itaibeba.

Na ikishindwa? Nikamtaka aseme taratibu. Ekseli, ule mhimili wa gurudumu, ikikatika, kinachoshikilia gurudumu ni kibanio kidogo ndani ya difu, kwenye ncha ileile iliyokatika. Gurudumu linatoka na kwenda zake. Kwa kasi ya maili mia kwa saa.

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema. Siyapendi hata kidogo.

Hata hivyo Duane anayo difu ya bolti kumi na mbili, kutoka Chevelle iliyogonga mti karibu na Toledo. Nikaisugua mwenyewe. J 22 8: Oktoba 22, 1968. Wiki tatu kabla ya gari la Darlene! Wale watu wa maonyesho wanaoabudu tarehe wangeibusu.

Nilidhani shauri limekwisha. Darlene akasema, "Nitafikiri."

Jumamosi, 31 Agosti

Difu zote mbili ziko chini, sakafuni mwa gereji yetu, juu ya mbao. Nyuma ya gari patupu. Darlene alitaka kuziona pamoja, na Duane hajui kumkatalia.

Nimezizunguka kama mgeni kwenye jumba la makumbusho. Ile kubwa shingo yake ni nene, na kifuniko kimetanuka pembeni. Ukishaijua, huwezi tena kuichanganya na nyingine. Ajabu ya kujua!

Nikamwambia mke wangu kwamba hoja iko wazi. Ndogo si ya kiwandani, tena ni hatari. Kubwa ni salama, tena tarehe inalingana. Anangoja nini?

"Ile kumi na tatu nukta moja niliipata kwa difu ya Rollie. Nikishuka kwa hii nyingine, nimemshinda nani?"

"Umeishinda saa."

"Saa sikuilea mimi, Lee."

Nikapendekeza njia ya tatu: difu ya Rollie na tairi za zamani. Polepole, salama, sekunde kumi na nne.

"Kumi na nne!" akasema Darlene, na Duane akageukia ukuta ili asionekane anacheka. "Kwa kumi na nne si afadhali nikae nyumbani nimenye viazi?"

Jumatatu, 2 Septemba

Sikukuu ya wafanyakazi. Mitaa kimya, moshi wa nyama choma kila ua. Zimebaki siku kumi na mbili.

Jana sikujizuia. Nilimwambia kwamba Rollie mwenyewe alivunja difu nzima kwa kuachia klachi, na sasa yeye anataka kumuenzi kwa kuvunja nyingine. Ilikuwa kauli sahihi. Haikuwa ya kusemwa.

Leo, saa nne, Duane alikuja. Anakwenda kununua oili na gasketi ya kifuniko, ya kuzuia isivuje. Akauliza, "Ya kumi au ya kumi na mbili, dada?"

Darlene alikuwa ameketi kwenye ndoo, katikati ya difu mbili, kitambaa mapajani.

"Lete zote mbili."

Duane akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Duane ameondoka saa nzima sasa. Kutoka hapa dirishani namwona Darlene gerejini. Ameinuka. Ameshika spana, ameinamia mojawapo, lakini mgongo wake umeniziba nisione ni ipi. Sitakwenda kuchungulia. Wala sitagusa kalamu hii mpaka bolti ya kwanza ikazwe, nami nijue imekazwa kwenye ipi.