Mumea wa Mama Ndani ya Kopo la Nyanya

Beni, Jumamosi, siku ya posho, tarehe 10 Juni 2023
Leo ni miezi minane na siku tatu tangu niliondoka Masereka.

Kwako dada yangu mukubwa, Yaya Jokébed,

Nakusalimia katika Bwana wetu. Batoto banaendeleaje? Na goti lako, limepona, au bado linakusumbua ukipanda mulima na muzigo wa mboga zako za poireaux? Mimi niko muzima. Mugongo tu ndio unalalamika, maana kila siku tunashusha kwenye depo simenti inayotoka mpakani Kasindi, nayo haina huruma. Unajua nilisoma hadi darasa la tano tu, basi vumilia maandishi.

Neno moja linanikaa moyoni. Nasikia hata leo wewe na jirani yetu Mama Syauswa hamusalimiani, sababu mbuzi wake alikula ule mumea wa marehemu mama, aliotutibia vidonda vya moto. Nitalirudilia hapa chini.

Kwanza ucheke kidogo. Kwenye parcelle, kiwanja cha wapangaji ninapolala, anakaa pia Madame Josée, mwalimu wa biolojia aliyetumwa toka Kananga. Dirisha lake limejaa makopo ya cactus. Mimi pia nilikuwa na mumea mumoja munene mulangoni, wenye miiba, nikauita cactus kama tunavyoita mimea yote ya miiba kwetu. Nikautunza kama poireau: samadi tele, maji asubuhi na jioni. Baada ya mwezi mumoja majani yakalegea kama ndizi iliyopikwa sana. Madame alipouona alinigombeza mbele ya batu, akiuliza kama ule ni ng'ombe hata niunyweshe hivyo! Tena akasema hapana, si cactus hata kidogo, ni aloe.

Ndipo akaanza kunifundisha. Cactus ya kweli, mwiba wake unatoka kwenye kitone chenye manyoya kama pamba. Ile tuliyozungushia lupango ya mbuzi wetu, inayotoa maziwa meupe, ni euphorbe. Ukijipangusa macho na maziwa yale utalia hadi Jumapili, siku ya mungu. Aloe ina miiba pembeni ya jani, na ute ndani. Sasa nasimama kwenye kila lupango nikichungulia miiba, na Grady, ninayebeba naye simenti, ananiita Docteur Miiba. Jana aliniita kwa sauti nije nitibu mufuko uliopasuka, depo nzima ikacheka.

Mumea wangu Madame aliung'oa. Shina lilikuwa limeoza, lakini pembeni kulikuwa na vichipukizi vitatu. Aliviacha kivulini siku ine bila tone la maji, ili vidonda vikauke. Yaya, niliona ni wazimu, kuanika kitu kama samaki ili kipone! Kisha tukavipanda ndani ya makopo ya nyanya yaliyotobolewa na musumari, kwa muchanga wa mutoni na changarawe. Naingiza kidole, kama ni kukavu mpaka chini, ndipo namwagia. Kazi ngumu ni kuzuia mukono. Leo vimesimama, vinene, vinang'aa.

Sasa utauliza mumea huo niliutoa wapi. Yaya, mbuzi wa Mama Syauswa hakukula kitu. Ni mimi. Asubuhi ile ya kuondoka niliung'oa nikaufunga ndani ya shati, sababu niliogopa kufika kwa bageni bila kitu cha mama. Uliponiambia kwa simu habari ya mbuzi, nilisingizia réseau ya simu ni mubaya, nikakata. Ndiyo maana naandika: karatasi haina réseau ya kusingizia. Mumea wa mama mwenyewe niliuua kwa maji. Batoto bake batatu ndio bamebaki.

Usiende kumuomba radhi kabla sijafika. Kosa ni langu, nitapiga magoti mimi. Wewe anza tu kumusalimia. Kopo moja ni lake, moja litakaa mulangoni kwako, la tatu nimemupa Madame.

Barua hii anakuletea Valère, dereva wa gari linalopita hapo kwenda Kirumba, mupe chai. Salamu kwa batoto na kwa kanisa lote. Yule mbuzi pia, umusalimie.

Tarehe 1 Septemba nitalala Butembo. Tarehe 2, kabla hamujapanda viazi, nitashuka Masereka na makopo mawili mapajani.

Mudogo wako,
Kitsa