Jiwe la Babu Omosa

S.L.P. 63,
Nyamarambe, Kisii.
15 Juni 2025.

Mpendwa mpwa wangu Damaris,

Hujambo huko Ujerumani? Baridi imekuhurumia kidogo? Sisi ni wazima. Goti la mama yako limepoa. Juzi alipanda mwenyewe hadi kwenye migomba. Mvua ipo, ndizi zipo, ni wewe tu tunayekukosa.

Barua yako ilifika. Umeomba radhi mara tatu kabla ya kusema neno lenyewe. Radhi ya nini, mwanangu? Mimi nimekaa hapa kukushukuru.

Unajua tulivyolelewa na jiwe lile ulilokwenda nalo kulichunguza huko makumbusho unakofanya kazi. Babu yako Omosa alirudi nalo kutoka machimbo ya chokaa huko Pwani, limefungwa ndani ya shati, na ua la petali tano mgongoni mwa jiwe. Watu wakasema amelichonga yeye. Mzee hakukubali wala hakukana, alikohoa tu. Kila mimi na mjomba wako Nyabuto tulipomaliza kuchonga kitu, alilishusha rafuni, akaliweka kando ya kazi yetu, akasema, "Bado."

Nyabuto alisikia "Bado" ya mwisho akiwa na miaka ishirini. Alitupa patasi, akaenda Nyamira kuchuma majani chai ya watu. Mimi niliendelea, lakini mke wangu Gladys anajua ni maua mangapi ya mawe ya sabuni niliyoyavunja nyuma ya nyumba. Niliona aibu kuitwa mtoto wa Omosa.

Sasa unaniambia lile si kazi ya mkono wa mtu! Kumbe ni kisukuku, gamba la mnyama wa baharini mwenye miiba lililogeuka jiwe, wa jenasi, yaani kundi la wanyama wa karibu, iliyotoweka bila kuacha hata mjukuu. Tena kile kitundu tulichodhani mzee alianza kutoboa apitishe uzi, akaghairi, ndiyo njia yake ya haja! Nilicheka hadi Gladys akaja mbio. Eti wataalamu waliiweka jenasi hiyo katika familia nyingine kwa sababu ya ua, mpaka mlipoangalia kitundu kiko wapi, mkaihamisha. Sisi mgeni tunamuuliza ukoo wake. Nyinyi mnamgeuza kwanza mumwangalie nyuma.

Asante, Damaris. Ungeweza kuninyamazia kwa huruma. Umenitua mzigo wa miaka thelathini. Mzee simlaumu, nadhani hata yeye alikuwa akishindana nalo.

Nilimsomea Nyabuto barua yako kwa simu. Akasema, "Kumbe tulikuwa tunashindana na Mungu, na hakuna mtu aliyetuambia?" Jumanne alifika hapa kuniomba patasi.

Jiwe likae huko makumbusho, sasa lina ukoo. Mama yako na Gladys wanakusalimu sana. Mungu akutunze, na mikono yako isichoke.

Ndani ya kifurushi utakuta ua alilochonga Nyabuto. Petali moja imepinda. Usilipime, mwanangu, hilo limechongwa na mtu.

Mimi mjomba wako akupendaye,
Sylvanus