Liki Haziombolezi

Alhamisi, 8 Septemba 2022

Mvua asubuhi, jua mchana. Liki zangu, hivi vitunguu virefu vyeupe, zimenenepa mpaka raha! Nimezipima zote mbili za mashindano, tangu kitakoni hadi pale jani la kwanza linapochanuka: inchi tano na robo tatu. Sheria ya klabu ya kijiji ni inchi sita, basi. Ikizidi hata kwa unene wa kucha, mwamuzi anaitupa nje wala haulizi imenenepa kiasi gani. Na unene wenyewe, jamani! Nikiikumbatia kwa viganja viwili, vidole havikutani.

Siku tisa tu. Maonyesho ni Jumamosi ya tarehe 17. Marehemu mume wangu Ronnie alilima liki miaka thelathini na mmoja. Wa pili mara kumi na nne. Wa kwanza, hata siku moja. Mimi huu ni mwaka wa pili nalima peke yangu, kwa mbegu zile zile zake. Nataka kushinda. Naandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu.

Saa kumi na mbili na nusu jioni — Malkia amefariki. Nilikuwa nimeshika birika. Nikalia kidogo, sijui hata kwa nini. Nina miaka sitini na sita, sijawahi kuwa na mwingine. Nikampigia dada Jean. Tukakaa kwenye simu tunasikilizana tukivuta makamasi.

Ijumaa, 9 Septemba

Kijiji kizima kufuli! Jean amefunga duka lake la nyuzi za kufuma, picha ya Malkia dirishani, utepe mweusi, maua. Kinyozi kafunga. Bingo hakuna. Hata samaki na chipsi — Ijumaa! Watu wamesimama pale mlangoni wakisoma tangazo mara ya pili na ya tatu. Nimekula mayai.

Klabu nayo. Derek Laidler, katibu wetu, amefunga mlango kwa mnyororo, akapandisha bendera ya taifa nusu mlingoti kule juu, dirisha la ghorofani. Kenny Fenwick, ambaye kiwanja chake cha mboga kinapakana na changu, alimkuta akitoka na funguo. Akamuuliza, na maonyesho je? Derek eti: "Kenny, huu si wakati wa mboga."

Si wakati wa mboga! Mtu aliyekuwa wa tatu mwaka jana.

Jumapili, 11 Septemba

Wamekata shauri. Kamati imeahirisha maonyesho hadi tarehe 1 Oktoba, "kwa heshima". Wiki mbili zaidi. Tangazo limebandikwa mlangoni, limezungushiwa wino mweusi, limeandikwa vizuri kweli. Nilisimama nikalisoma hadi mwisho.

Maana liki haingoji mtu. Wiki mbili na mvua hii itapita inchi sita kama haioni. Nikiing'oa mapema, inanyauka. Nikiiacha, imezidi. Miezi tisa ya kazi, supu!

Nikaenda kwa Jean nikamwage yaliyo moyoni. Kosa kubwa. Alikuwa mbele ya televisheni, kavaa nyeusi tangu kofia hadi viatu. Kaniambia mama wa watu hajazikwa, na mimi nalia na mboga. Nikamwambia Malkia hakunijua mimi wala yeye. (Ulimi wangu huu!) Akainuka. Miaka sabini na mmoja, lakini akiinuka Jean unajua kuna mtu ameinuka. "Mdogo wangu," akasema, "mlango ule pale."

Nikatoka. Nimeoka keki ya tangawizi nikaila nusu.

Jumatatu, 12 Septemba

Inchi tano na robo tatu na kidogo. Hicho kidogo sikipendi.

Kenny ana goti bovu, alingoja kliniki tangu Februari. Miadi yake ilikuwa Jumatatu ijayo. Imeahirishwa, ni siku ya mazishi. Anasema goti lake nalo liko kwenye maombolezo, halikunjiki.

Jioni tumekutana kwenye kibanda chake, wakulima tisa, mimi mwanamke peke yangu. Chai kwenye vikombe vyenye udongo. Tumekubaliana kuandamana! Jumamosi, saa ile ile ya maonyesho, meza barabarani mbele ya klabu, liki juu yake. Mimi sijaandamana tangu mgomo wa mgodini, na hata wakati ule nilikuwa jikoni nakoroga supu ya watu mia mbili.

Bango limetuchukua saa nzima. Kenny alitaka LIKI HAZIOMBOLEZI. Mwingine akasema tutashikwa, redioni wamesema huko mijini watu wanachukuliwa na polisi kwa mabango. Lakini hao wanapinga ufalme, Kenny akasema, sisi tunampinga Derek tu. Mwisho: hakuna bango. Meza zitandikwe nguo nyeusi, na kila mtu afunge kitambaa cheusi mkononi. Tuandamane kwa adabu.

Nimecheka njia nzima nikirudi nyumbani. Muda mrefu sijacheka hivyo.

Jumatano, 14 Septemba

Jean ameondoka na basi la alfajiri kwenda London, kupanga foleni amuage Malkia. Hakuniaga mimi. Niliambiwa jana na mwenye duka la magazeti.

Jana jioni nilikuwa nimemtundikia mfuko kwenye kitasa chake, mikate ya nyama na chupa ya chai. Leo nimepita makusudi. Mfuko haupo. Haya.

Alhamisi, 15 Septemba

Ile ya kushoto: inchi sita kasoro unene wa sarafu. Nimeacha kumwagilia. Nimezifunika zisipate mvua. Nimeinama pale nikaziambia, simameni hapo hapo, msiniaibishe. Zinasikia? Wapi!

Ijumaa, 16 Septemba

Habari! Kenny amempigia mwamuzi, mzee Ord wa bonde la pili, kumweleza tumeahirishwa. Mzee hana habari. Derek katika kuomboleza kwake kote amesahau kumwambia! Ord kasema kwenye kalenda yake imeandikwa tarehe 17, na tarehe 17 yeye atakuja, na kama mlango umefungwa atapima barabarani, amewahi kupima mahali pabaya zaidi.

Hapo nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, moyo unanienda mbio kama wa msichana.

Jean karudi saa kumi jioni. Nimemwona kupitia pazia akishuka kwenye teksi, anatembea kama anakanyaga mayai. Wanasema kasimama saa kumi na tatu. Miguu yake ile! Nilitaka kuvuka. Nilishavaa hata koti. Nikalivua. Kiburi tu, nakiri, na hapa hakuna wa kunisuta.

Jumamosi, 17 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi. Nimezing'oa. Basi, hakuna kurudi nyuma. Zikipimwa leo, zimepimwa. Zisipopimwa, kesho zimelegea. Nimezichimba kwa mikono, jembe halikugusa, nikaziosha kwa maji ya uvuguvugu na sifongo kama mtoto mchanga, mizizi nikaichana kwa kitana. Nzuri. Nzuri mno! Nyeupe, mabega mapana, mihuri ya klabu, ya kuzuia mtu asilete liki za mwingine, bado iko kwenye majani. Nimepima ile ya kushoto mara nne. Mara mbili ni sita kamili. Mara mbili sina hakika.

Saa saba na nusu mchana, kwenye ngazi za klabu. Nimebeba daftari maana nyumbani sitafika leo na akili zangu. Niandike yote kabla sijasahau.

Saa tano tulikuwa tumepanga meza. Watu tisa, liki kumi na nane, vitambaa vyeusi mkononi, kimya kabisa. Upepo mkali. Watu wakatoka majumbani kutazama. Mmoja akapiga kelele, aibu! Mwingine akauliza kama tunauza.

Derek akaja anakimbia, tai shingoni upande. Kaita polisi! Akaja binti mmoja askari, mpole, kofia yake anaishika isipeperuke. Akaniuliza, "Mama, mnapinga nini hasa?" Nikamwambia tunapinga tarehe 1 Oktoba. Akaandika. Akauliza liki ile imefikaje kuwa kubwa hivyo. Nikamweleza kidogo kuhusu mbolea.

Derek akasema tuondoke, tunawavunjia watu heshima katika msiba. Kenny akamwambia tuko kimya kuliko yeye. Hapo ndipo Jean akatokea ng'ambo ya barabara. Nyeusi tupu, na miguuni ndara za nyumbani, viatu haviingii. Anavuka polepole. Gari likasimama kumpisha.

"Afadhali umekuja, Bi Jean," Derek akasema. "Hebu ongea na mdogo wako."

Jean akasimama mbele ya meza yangu. Hakuzitazama liki. Akanitazama mimi. Macho mekundu, amechoka, dada yangu. "Brenda," akaanza, "nimetoka kusimama—" na upepo ukavuma, bendera juu yetu ikapiga paa! Siku zote imelala kama taulo. Leo imefunguka yote. Jean akainua macho.

"Derek. Nani alipandisha bendera ile?"

"Mimi mwenyewe," Derek akasema, kajawa na fahari.

"Imepinduka."

Derek akacheka kidogo. Haiwezekani, bendera yetu juu na chini ni sawa.

"Si sawa! Mstari mpana mweupe unakaa juu ya ule mwekundu, upande wa mlingoti. Mtoto wa skauti anajua! Ikiwa hivyo ni meli inazama inaomba msaada!" Sauti ya Jean ilifika kanisani. "Mimi nimesimama saa kumi na tatu kumuaga, na wewe siku nane umemtundikia bendera kichwa chini miguu juu, halafu unamfundisha nani heshima?"

Kenny akaitafuta picha kwenye simu yake. Tukaangalia simu, tukaangalia juu. Loo! Binti askari akakohoa akageukia ukutani. Derek akawa mwekundu mpaka shingoni, nikamhurumia, kweli nikamhurumia. Hakufanya kwa ubaya. Nusu yetu hapa hatukujua. Mimi sikujua.

Sasa, bendera inafikiwa kwa dirisha la ghorofani tu. Dirisha liko ndani. Derek akafungua mnyororo. Kenny akasema tumsaidie, upepo ni mkali. Wote tukaona ni busara. Na liki hatuwezi kuziacha barabarani, si ndiyo? Kwenda kunyoosha bendera moja tukaingia watu tisa na meza zetu. Binti askari ndiye aliyetushikia mlango.

Derek aliposhuka, kitambaa cha mwisho kilikuwa kinatandikwa, na mzee Ord yuko katikati ya ukumbi anavua koti. Derek akatutazama. Akatazama picha ya Malkia juu ya piano. Akakaa kwenye kiti. "Baa haifunguliwi," akasema. Hiyo tu! Ningeweza kumbusu.

Jean hakuondoka. Kajiwekea kiti mbele kabisa, miguu juu ya kingine. Nilimletea maji akayapokea. Akasema mikate yangu ya nyama ilikuwa na chumvi nyingi. Mwanangu wee, nilifurahi!

Ord akaanza kupima. Kenny: vizuri, lakini nyembamba kidogo. Mmoja kazidi, katolewa, kaenda kusimama uani na sigara. Wengine wazuri. Hakuna unene kama wa kwangu, hata mmoja, si mimi ninayesema, nimesikia minong'ono. Mimi wa mwisho. Ya kulia: haikuzidi, imekubaliwa. Ya kushoto: Ord akaweka rula. Akainama. Akaitoa rula. Akapapasa mifuko kutafuta miwani. Akaweka tena.

Ndipo nikatoka nje. Siwezi. Nipo hapa kwenye ngazi, jua limetoka, na sijui lini mara ya mwisho nilijisikia vizuri hivi.

Mlango uko wazi nusu. Ord anasema jambo kwa sauti ya chini, kitu kuhusu inchi sita na unywele mmoja. Na Jean — ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu! — anamwambia ainyooshe rula, ameiinamisha, kila mtu anaona ameiinamisha. Ord anasema, bibi, tafadhali, keti. Kiti kimekwaruza sakafu. Dada yangu amesimama, na miguu ile. Ord anamwomba atoke nje ya ukumbi.

Jean anakataa.