Mpiga Zeze wa Kihindi na Breki ya Baiskeli Yangu

Jumatano. Upepo umevuma kutwa, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria. Asubuhi nikienda kazini breki ya nyuma ya baiskeli ilikataa kushika, nikamkosa punda wa watu kidogo tu. Kutazama, waya haupo. Nilifika kazini nimenuna. Sasa ni jioni na moyo wangu ni mweupe, hata sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye sinema.

Jumamosi nilimpeleka mdogo wangu Ndahani kuona picha ya Kihindi pale mjini, inayosimulia maisha ya mpiga ala mmoja wa huko kwao. Mimi si mtu wa sinema. Ni fundi cherehani, nashona barazani kwa Mama Sakina mwenye duka la nguo, na ikifika jioni nataka kulala tu. Lakini nililiona tangazo ukutani: mwanamume ameshika ala ya nyuzi na upinde wake, utadhani ni zeze letu la Kigogo limevalishwa nguo za harusi. Nikasema huyu kijana lazima aione.

Ndahani alikuwa mpiga zeze. Naandika "alikuwa" na inaniuma.

Alikwenda Kongwa kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, na jioni akawa anawapigia vibarua wenzake. Mashamba yalipokufa alirudi na kiu ya pombe. Kisha kwenye harusi moja Hombolo, akiwa amelewa, alikosea wimbo ambao hata watoto wanaujua. Watu wakacheka. Akalibamiza zeze kwenye nguzo mpaka kibuyu kikapasuka, na tangu siku hiyo hajapiga tena. Anakaa kwangu, anaamka mchana, anarudi usiku akishika ukuta. Mke wangu amevumilia mpaka amechoka kuvumilia. Mimi nilishaanza kuogopa kwamba siku moja nitaitwa nikamwokote mtaroni, nimkute ameshapoa.

Basi, picha yenyewe. Kihindi hatukijui, tulifuata kwa macho. Nyimbo ni tamu, na yule mwigizaji analia vizuri kuliko watu wanaolia kweli. Mara tu ilipoanza, mzee mmoja mwenye ndevu nyingi alikufa kitandani, akabebwa amefunikwa shuka jeupe, vikorokoro vyake juu. Ukumbini tukakubaliana kwamba jamaa amefiwa na baba yake, na wengine wakampa pole kwa sauti. Kisha ukaja ulevi. Akamfukuza mke, akaivunja ala yake kwenye ngazi, akalala barabarani mvua inamnyeshea.

Ndahani alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijuta kumleta.

Halafu mkanda wa mwisho: jamaa yuko harusini, amenyoa, ala yake nzima, anapiga na wazee wanatikisa vichwa. Taa zikawashwa. Wahindi wa viti vya nyuma walikuwa wanapiga kelele, tukadhani wanashangilia, nasi tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Jumapili Ndahani hakutoka. Jumatatu alirudi kutoka porini na kipande cha mti. Jana mke wangu alitafuta kibuyu chake cha maziwa hakukiona, na kwa mara ya kwanza mwaka huu hakugomba. Sote wawili tulinyamaza, kama watu wanaoogopa kumshtua ndege.

Leo Mama Sakina ameniuliza kama niliipenda picha. Yeye aliiona Jumapili, akalia sana mwishoni. Nikamuuliza, harusini mtu analia nini? Akaniangalia, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Harusi ni ya mwanzo, fundi! Jumamosi mwendesha mashine alichanganya mikanda, mwisho akauweka mwanzo na mwanzo akauweka mwisho. Wenye lugha yao walikuwa wanamtukana, si kushangilia. Yule mzee wa ndevu hakuwa baba wa mtu. Alikuwa ni yeye mwenyewe, pombe imemzeesha.

Alikufa.

Sindano ilinichoma kidole. Picha inaonyeshwa tena Jumamosi hii, na Ndahani ameshaniambia anataka kuirudia. Safari hii ataiona ilivyo. Njia nzima nilikuwa natunga uongo: tiketi zimekwisha, mashine imeharibika, ukumbi umefungwa. Hakuna hata mmoja uliosimama.

Nilipoingia uani nilimkuta amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Mapajani ana zeze jipya, kibuyu bado kinanuka maziwa. Alikuwa analijaribu polepole, wimbo uleule wa Hombolo, akikosea na kurudia, akikosea na kurudia. Mke wangu alikuwa anapepeta mtama, na ungo ulikuwa unafuata mapigo.

Nadhani uso wangu ulinisaliti.

"Kaka, najua alikufa," alisema, bila kuacha kupiga. "Juu ya ile maiti palikuwa na ala iliyovunjika. Baadaye nilipomwona anaivunja, nikajua aliyebebwa ni nani."

"Sasa mbona umechonga jingine?"

Akaumaliza kwanza mstari wa wimbo.

"Mimi nilikwisha kulala barabarani, kaka. Nikainua kichwa, nikaona anapiga harusini. Wamekosea wao, lakini nimekwisha kuona."

Nililia mbele ya mke wangu na mdogo wangu, na sioni haya kuandika.

Sijui kama ataweza. Kilabu cha pombe bado kiko palepale na wenzake wanaijua njia ya kwangu. Lakini mtu akiniuliza habari za ile picha, nitamwambia ni nzuri sana, mradi uione kama tulivyoiona sisi.

Kabla ya kulala nimelishika lile zeze nilitazame. Nyuzi zake ni waya, umefumuliwa na kunyooshwa vizuri, unang'aa. Waya wa breki. Nimelirudisha zeze ukutani polepole.

Kesho nitakwenda kazini bila breki ya nyuma. Punda wa mji huu wajiangalie.