Mfuko Ulikuwa wa Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto, ambao nadhani wamerefuka kiasi kwamba nikikutana nao njiani nitawapita. Natumai kifua chako kimepoa na kazi ya zamu haikumalizi. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Baba ni mzima wa mwili. Mimi bado niko kwenye karakana ya mapazia, nashona pindo kutwa nzima, jioni narudi kumpikia.

Barua uliyomwandikia ilifika. Aliisoma amesimama mezani, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya redio. Alipokwenda kuoga niliisoma. Naomba radhi kwa hilo. Umemwandikia kwamba habari zimekufikia, kwamba mtu aliyekufukuza nyumbani kwa sababu ya kambakoche aliyepungua upana wa ukucha, leo kakutwa na kamba jike aliyekwanguliwa mayai. Ukamalizia na nyani asiyeona kundule.

Miaka kumi na moja ni mingi, pengine umesahau mambo ya chama chetu yanavyokwenda. Ni walewale wapiga mbizi wa Jumamosi: daktari wa meno, mwalimu wa hesabu ambaye sasa ndiye katibu, na wengine watano sita. Baba bado walikuwa wakimwita Rula. Kabla mtu hajavaa miwani ilikuwa lazima ayarudie masharti yake yote pale kwenye boti, utadhani hatujawahi kuyasikia. Tundu ni la aliyeliona kwanza, mwingine asubiri hata kama mikono inamwasha. Kamba hupimwa hukohuko majini, tangu katikati ya macho hadi mwisho wa gamba la mgongoni, na akipungua hata kidogo huachwa. Jike ukimgeuza ukaona ana mayai, unamrudisha tunduni taratibu, mkia kwanza, wala humtupi. Usimwache mwenzako. Na kila mtu na mfuko wake wa wavu; kilichomo mfukoni hujibiwa na mwenye mfuko. Daktari wa meno alizoea kumtania kwamba hata kamba wenyewe wameshayakariri, ndiyo maana hatuwapati.

Jumamosi ile ya huyo kamba jike, tuliporudi, ofisa wa uvuvi alikuwa gatini akikagua mifuko kama kawaida yake. Katika mfuko wa Baba mlikuwa na kamba wanne. Wa tatu alimgeuza, akapitisha kidole gumba chini ya mkia. Vile vinyweleo vinavyoshika mayai vilikuwa vimechakaa, na mayai machache yalikuwa yamebaki pembeni.

Akauliza, "Huyu ni wa nani?"

Baba alimtazama yule kamba, akatazama mikono yangu, kisha akajibu kwa sauti ileile anayoombea chumvi mezani, "Mfuko ni wangu."

Ofisa akamuuliza kama ni yeye aliyemkwangua.

"Nimeshasema mfuko ni wangu."

Akanyang'anywa kibali palepale. Jumanne chama kikakaa. Mwalimu wa hesabu, ambaye Baba ndiye aliyemfundisha kuvuta pumzi chini ya maji, alisoma barua ya kumtoa bila kuinua macho. Baba akamshukuru, akamkabidhi ufunguo wa stoo ya mitungi ya hewa, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Kaka, yule kamba nilimkamata mimi.

Nilikuwa nimerudi mikono mitupu Jumamosi tatu mfululizo. Nilimwona kwenye ufa wa mwamba, mkubwa, nikamtoa, nikamgeuza. Mayai yalikuwa yamejaa, rangi ya chungwa. Baba alikuwa amenipa mgongo akipima kamba wake. Nilipitisha kidole mara moja, ya pili, ya tatu. Mayai yakapaa majini kama vumbi la godoro likipigwa, visamaki vikaja kuyala. Kishikizo cha mfuko wangu kilikuwa kimevunjika, basi nikafungua wa Baba uliokuwa ukining'inia kiunoni mwake, nikamtia. Baba akageuka, akanionyesha kwa mkono kwamba sawa, vizuri.

Utaniuliza niliwaza nini. Sikuwaza kitu. Na pale gatini, wakati Baba anajibu, nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi mdomoni: unasikia jino linang'olewa, unajua ni lako, lakini huumwi. Hata sasa ninapoandika niko hivyohivyo.

Barua yako ilipokuja nilimwambia. Alikuwa anafuta vyombo, naye hakuacha kufuta. Akasema alijua tangu gatini, kwa sababu mayai yalikuwa yamenasa kwenye mshono wa glavu yangu. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza.

"Mmoja nilimfukuza kwa sheria," akasema. "Miaka yote hii nimekaa humu na haki yangu. Sijaona ilichonisaidia."

Kisha akaniuliza kifuniko cha sufuria kinawekwa wapi.

Jumanne iliyofuata nilikwenda chamani nikaeleza yote. Walinitoa, na hilo ni halali yangu. Walikuja nyumbani kumrudishia Baba ufunguo, akaukataa. Alisema sheria ya mfuko aliiandika yeye mwenyewe, haiwezi kufutwa eti kwa kuwa imempata yeye. Mwalimu aliondoka nao mkononi.

Sikuandikii ili umsamehe, wala ili unisamehe mimi. Nimeona tu kwamba umemgombeza mtu asiyehusika, na aliyehusika alikuwa chumba cha pili akipiga pasi. Baba hajui kwamba nimekuandikia. Namba yake ya simu hajaibadilisha.

Wasalimie watoto, waambie shangazi yao yupo. Wifi mwambie mapazia aliyoniagiza nimeyamaliza, nitayatuma na mtu. Na wewe usiache dawa ya kifua ati kwa sababu umepata nafuu.

Ukiamua kumpigia, Jumamosi asubuhi siku hizi yupo nyumbani. Huamka mapema vilevile, huvaa, kisha hukaa.

Ni mimi mdogo wako,
Kiduchu